WAIMBAJI WALIORUDI MASHAMBANI

Somo kwa waalimu, wazee wa sharika na viongozi wa kwaya
Lisomwe kwanza: Nehemia 12:44–47 na 13:4–14

Katika somo hili twataka kulitazama jambo linaloleta manung'uniko katika kwaya zetu, mjini Mwanza na katika mitaa ya pwani ya Ziwa, nalo ni hili: wako waimbaji wasiotaka nyimbo zao zienezwe kwa njia ya mtandao na simu. Watu wengine huwaita wachoyo. Wengine huwacheka kwamba ni washamba wasiojua mambo ya ulimwengu wa leo. Sisi twaona ya kuwa kabla ya kuwahukumu imetupasa kuuliza: wamekataa nini hasa, na kwa sababu gani? Maana jambo hili si geni. Maandiko yanayo habari ya waimbaji walioiacha kazi yao, na habari hiyo itatufundisha.

1. Habari ya Nehemia

Nehemia alipokuwa liwali wa Yerusalemu, mambo ya hekalu yalitengenezwa vema. Waimbaji walipewa posho yao siku kwa siku, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kuimba, wala hawakuwa na nafasi ya kulima kama watu wengine. Kisha Nehemia akarudi kwa mfalme Artashasta, katika mwaka wa 32 wa kutawala kwake, yaani karibu mwaka 433 kabla ya Kristo. Alipokuwa mbali mambo yaliharibika. Hata alipokuja tena Yerusalemu akaona maovu mawili.

La kwanza, kile chumba kikubwa kilichokuwa ghala ya zaka, ambamo ndimo iliwekwa haki ya Walawi, waimbaji na wangoja malango, kuhani Eliashibu alikuwa amempa Tobia, mtu aliyekuwa na urafiki naye. Vyombo vya nyumba ya Tobia vilijaa mle. La pili, waimbaji hawakuwapo. Kwa kuwa hawakuletewa fungu lao, walikuwa wameondoka, kila mtu akaenda kulima shamba lake.

Tuangalie sana, waalimu, jinsi Nehemia alivyofanya. Hakuwakemea waimbaji kwamba wameipenda fedha kuliko Mungu. Aliwakemea wakubwa. Akavitupa nje vyombo vya Tobia na kuamuru chumba kitakaswe. Akawakusanya waimbaji na kuwarudisha mahali pao. Ndipo watu wa Yuda wakaleta zaka. Mwisho akaweka watunza hazina wanne waliojulikana kuwa waaminifu, nao ni Shelemia, Sadoki, Pedaya na Hanani, ili kila mtu apewe fungu lake. Hayo manne tuyashike moyoni, maana tutayarudia: kukitoa chumbani kisichostahili, kuwaita waimbaji, kuleta haki yao, na kuweka watunzaji waaminifu.

2. Zamani wimbo ulikwenda na mwenyewe

Wazee wetu wa Usukuma hawakuwa na shida hii, kwa sababu wimbo na mwimbaji hawakutengana. Twaijua desturi ya mashindano ya ngoma, ambayo hata sasa huonekana huko Bujora, karibu na Kisesa, katika sikukuu ya Bulabo mwezi wa Juni. Vyama viwili vya kale, Bagika na Bagalu, husimama uwanja mmoja, na watu huvutwa na yule aimbaye vizuri zaidi. Hapana haja ya mwamuzi mwenye kalamu: penye watu wengi ndipo palipo na ushindi.

Katika desturi hiyo mwimbaji hodari hutunzwa palepale, mbele ya macho ya watu. Aliyefurahi humwendea na kumpa alicho nacho. Na mtu akiuchukua wimbo wa mwenziwe, wasikilizaji wenyewe watamtambua, maana wanamjua aliyeutunga. Basi mambo matatu yalikuwa pamoja: wimbo, jina la mtunzi, na shukrani ya wasikilizaji. Hayakuhitaji kuandikiwa sheria, kwa kuwa yalikuwa katika uwanja mmoja na siku moja.

3. Jinsi wimbo ulivyotengwa na mwimbaji

Kisha zikaja mashine za kunasa sauti. Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey alisafiri Tanganyika akinasa nyimbo za makabila mengi, na za Wasukuma zikiwamo. Tangu hapo sauti ya mtu aliyekaa kijijini iliweza kusikiwa katika nchi ambayo yeye hataiona kamwe. Baadaye Radio Tanzania ya Dar es Salaam ilinasa nyimbo za bendi nyingi, na kanda zake zikakaa katika hazina ya redio. Zikafuata kaseti, na kwa hizo kwaya za miji yetu zilijulikana mbali na makwao. Msichana wa Ukerewe aliweza kujifunza wimbo wa kwaya ya Dar es Salaam bila kupanda meli wala gari.

Hatuna budi kushukuru kwa jambo hili. Lakini tuone pia lililopotea. Mara wimbo ulipoweza kusafiri peke yake, shukrani ya msikilizaji haikujua tena njia ya kumfikia mwimbaji. Ilihitaji mjumbe wa kuichukua. Na mjumbe, akiwa mwaminifu, atafikisha. Asipokuwa mwaminifu, ataila njiani.

Wakati wa kaseti wizi ulikuwapo, ila ulikwenda polepole, kwa sababu kunakili kanda kulitaka kanda nyingine na muda wa kuisikiliza yote. Zilipokuja sahani za CD, na baada yake kadi za simu na flashi, kazi ya saa nzima ikawa ya dakika. Twavijua vile vibanda vya stendi na vya sokoni: kijana ana kompyuta, nawe humpa kadi ya simu yako pamoja na malipo madogo, naye huijaza nyimbo nyingi kadiri upendavyo, za dansi, za kwaya na za ngoma za Kisukuma, zote pamoja.

Hapo tusimame kidogo, kwani ndipo penye fundo la somo letu. Watu husema, Siku hizi watu hawataki kulipia nyimbo. Si kweli. Yule aliyejaziwa kadi alilipa. Alimlipa mwenye kibanda. Na yeye asikilizaye wimbo katika simu amelipa pia, kwa kununua kifurushi cha intaneti, au kwa kutazama tangazo la biashara kabla ya wimbo kuanza. Basi fedha hutoka mifukoni mwa wasikilizaji, tena kila siku. Kilichoharibika ni kile chumba. Ghala iliyopasa kuwekwa haki ya mwimbaji imejaa vyombo vya Tobia.

4. Waimbaji walivyokataa

Tukilijua hilo, tutafahamu vizuri zaidi matendo ya waimbaji wanaokataa. Wengi wao hawaichukii mashine. Waimbaji haohao hutumia simu na hutaka kusikiwa duniani kote. Wamekataa kuchukuliwa bila kuombwa, na kuona wengine wakivuna walipopanda wao.

Katika nchi yetu habari iliyojulikana sana ni ile ya Hamis Mwinjuma, aitwaye Mwana FA, na Ambwene Yesaya, aitwaye AY. Hao waliishtaki kampuni ya simu ya Tigo kwa sababu nyimbo zao mbili, Usije Mjini na Dakika Moja, zilitumiwa kuwa miito ya simu bila idhini yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2, na kampuni ikakata rufaa. Hatutaji habari hii ili tufurahie mashtaka. Twaitaja kwa kuwa iliwafundisha wengi ya kwamba wimbo ni mali, na kwamba mwenye mali huulizwa kwanza, hata kama anayeitaka ni mkubwa na mwenye nguvu.

Nchini Kenya waimbaji walilalamika miaka mingi juu ya mapato ya miito ya simu, wakisema ya kuwa sehemu kubwa hubaki kwa kampuni na kwa mawakala. Mwaka 2022 sheria ya huko ilibadilishwa, ikaamriwa kwamba fungu la msanii au mwenye hakimiliki katika mapato hayo lisipungue asilimia 52. Wengine wametafuta njia ya kuwa na ghala yao wenyewe. Mwaka 2017 Diamond Platnumz, mwimbaji wa Tanzania, alifungua duka la nyimbo katika mtandao kwa jina la Wasafi.

Hata ng'ambo waimbaji wenye sifa kubwa wamekataa. Nyimbo za Beatles, kikundi cha Uingereza, hazikuuzwa katika duka la mtandao la iTunes hata mwezi wa Novemba 2010, ingawa duka lenyewe lilikuwa limefunguliwa mwaka 2003. Taylor Swift wa Marekani aliziondoa nyimbo zake katika Spotify mwaka 2014, akisema ya kuwa kazi yenye thamani yastahili malipo, akazirudisha mwaka 2017.

Lakini tusijidanganye kwa mifano hiyo. Taylor Swift alipoondoka, dunia nzima ilijua, na walioachwa waliona hasara. Kwaya ya mtaa wa Sengerema au wa Musoma ikiondoka, nani atajua? Tena ndogo hupunjwa hata wakiingia. Tangu mwaka 2024 Spotify haitoi malipo kwa wimbo usiosikilizwa mara 1,000 katika miezi kumi na miwili. Wimbo uliosikilizwa mara 900 na watu walioupenda kwa moyo wote hauhesabiwi kuwa na fungu. Basi mwalimu wa kwaya asemaye, Tutie wimbo wetu huko tupate nini? hasemi neno la kipumbavu. Anastahili kujibiwa kwa hesabu, wala si kwa dharau.

5. Baba Luther na wapiga chapa

Sisi Walutheri tunalo la kujifunza katika nyumba yetu wenyewe. Mashine ya kupiga chapa ilikuwa kwa watu wa zamani zile kama mtandao ulivyo kwetu, na hakuna aliyeitumia kwa bidii kuliko Martin Luther. Mwaka 1524 kilitoka kitabu cha kwanza cha nyimbo za Kilutheri, chenye nyimbo nane tu, na nne kati ya hizo zilikuwa zake. Nyimbo hizo zilienea haraka, zikaimbwa majumbani na barabarani.

Walakini Luther huyohuyo alipaza sauti juu ya wapiga chapa wasio waaminifu. Mwaka 1525 karatasi za kitabu chake cha mahubiri ziliibiwa katika nyumba ya chapa ya Wittenberg kabla kitabu hakijamalizika, zikapigwa chapa katika mji mwingine. Luther aliufananisha wizi huo na unyang'anyi wa njiani. Tukumbuke kwamba yeye mwenyewe hakudai fedha kwa maandiko yake. Aliona uchungu kwa mambo mawili: kwanza kazi ilitolewa kwa haraka na makosa mengi, hata hakuweza kuyatambua maneno yake mwenyewe; pili, mpiga chapa wa Wittenberg aliyegharimia karatasi na kazi alipata hasara kwa ajili ya mtu asiyegharimia kitu.

Je, Luther alifanyaje? Hakusema kwamba mashine zivunjwe. Wala hakuyaficha maandiko yake sandukuni. Aliwaomba wapiga chapa wa miji mingine wangoje kwa muda kabla ya kunakili, ili aliyegharimia apate kurudishiwa gharama yake. Mwaka 1524 alitia katika vitabu vyake alama mbili, mwana-kondoo mwenye bendera na waridi yenye moyo na msalaba, kuwa ushuhuda wa kazi iliyopita mikononi mwake. Na katika dibaji ya kitabu cha nyimbo cha mwaka 1529, alipoona nyimbo zinaongezwa na kugeuzwa ovyo, alieleza ya kuwa majina ya watunzi yamewekwa juu ya nyimbo zao. Basi alitaka mambo matatu: ruhusa, alama na jina.

Serikali yetu ilifuata njia ya namna hiyo mwaka 2013, ilipoanza kutumia stempu za ushuru juu ya kanda na sahani za muziki na za filamu, ili mnunuzi aweze kuitambua kazi halali. Lakini stempu ya karatasi hubandikwa juu ya kitu kishikikacho. Wimbo upitao hewani hauna mahali pa kubandika. Kwa hiyo alama yake ya kwanza ni jina la mwenyewe, na jina likipotea, vingine vyote hupotea. Wimbo wa Malaika umeimbwa na Miriam Makeba na wengine wengi duniani, lakini hata leo watu hushindana juu ya mtunzi wake, wengine wakimtaja Fadhili William wa Kenya, na wengine Adam Salim, Mtanganyika. Ikiwa wimbo ujulikanao hivyo umepata mashaka, je, wimbo wa kwaya ya mtaa, uliotungwa na mwalimu ambaye hakuandika jina lake popote?

6. Neno la wale wasemao kwamba Injili ni bure

Wako ndugu waaminifu wanaosema: Wimbo wa Injili si biashara, tumepewa bure, na tutoe bure. Wao hulitegemeza neno lao juu ya Mathayo 10, aya ya 8. Twawaheshimu, kwani wapo waliogeuza uimbaji kuwa duka na kusahau yule wanayemwimbia.

Lakini tuwaombe wasome mbele kidogo. Katika sura ileile, aya ya 10, Bwana wetu asema juu ya posho ya mtenda kazi. Yule asikiaye asilipishwe Injili. Na yule atendaye kazi asiachwe na njaa. Maneno hayo mawili Bwana aliyaweka karibu, nasi tusiyatenge.

Tena mwenye kutoa bure ni yule aliye na kitu. Kama mtunzi apenda wimbo wake unakiliwe na kila mtu bila malipo, ni sadaka yake, na Mungu ambariki. Bali mimi nikiuchukua bila kumwuliza nikausambaza, sikutoa sadaka. Nimetoa mali ya mwenzangu. Daudi alikataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu. Soma 2 Samweli 24:24. Iweje sisi tutoe kwa ukarimu mkubwa kilichomgharimu mtu mwingine?

Na gharama ipo. Nauli za mazoezi, malipo ya studio, sare, vinanda na magita, na chakula cha safari, vyote hivyo hutoka katika michango ya vijana ambao wengi wao ni wachuuzi wa samaki, mafundi na wakulima wa pamba.

7. Je, yafaa kuuficha wimbo?

Sasa tuwageukie waimbaji wenyewe. Tumewatetea, na tena twapenda kuwaonya kwa upendo. Wale waimbaji wa Nehemia walikuwa na haki ya kuondoka. Lakini tusisahau mwisho wake: hekalu lilikaa kimya, nao wakawa wakulima. Kuondoka kuliwaonyesha watu ubaya uliokuwapo, ila hakukumtoa Tobia chumbani. Alitolewa na mtu aliyeingia ndani na kuvitupa nje vyombo vyake.

Tuweke mfano. Kwaya moja ya pwani imekataa wimbo wake usitiwe mtandaoni. Wameuimba siku ya sikukuu, na mgeni mmoja ameunasa kwa simu yake. Jioni ile ile ameutia katika YouTube kwa jina lake, au bila jina lolote. Watu wameupenda, nao umeenea mpaka Bukoba na Kisumu. Baada ya mwaka kwaya yasikia wimbo wake ukiimbwa na wengine, maneno yamegeuzwa, na fungu, kama lipo, laenda kwa yule mgeni. Je, kule kukataa kumewalinda? La, kumemwachia mgeni ufunguo wa ghala.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Mwimbaji anayo haki ya kukataa, na sisi tuiheshimu. Lakini asikatae kwa kunyamaza tu. Akatae kwa maandishi, wimbo ukiwa umeandikwa jina lake. Au akubali kwa maandishi, masharti yakiwa wazi. Kimya si ukuta. Palipo kimya wezi huingia kwa urahisi.

8. Mambo yatupasayo

Katika hayo manne ya Nehemia, kila mmoja wetu analo fungu lake.

Mtunzi na kwaya. Kila wimbo uandikwe katika daftari: jina lake, mtunzi wa maneno, mtunzi wa sauti, kwaya iliyoimba, siku na mahali uliponaswa. Kwa sheria yetu ya hakimiliki, Namba 7 ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mtunzi aliyefariki mwaka 2000, haki ya nyimbo zake ni ya warithi wake hata mwaka 2050. Basi mjane asiambiwe ya kwamba wimbo wa mumewe sasa ni wa kila mtu. Wimbo uandikishwe COSOTA, iliyoundwa kwa sheria hiyo, na ambayo tangu mabadiliko ya mwaka 2022 ni Ofisi ya Hakimiliki ya nchi. Watu husema kwamba kujiandikisha ni kazi bure. Lakini Januari 2022 ziligawanywa zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wanamuziki zaidi ya 1,000 ambao kazi zao zilitumika. Ukigawa fedha hizo kwa hesabu ya watu, fungu la kila mmoja si kubwa. Hata hivyo aliyeandikwa alionekana, na asiyeandikwa hakuonekana.

Mapatano na wenye studio na mawakala. Mtu akisema, Nitawatilia nyimbo zenu mtandaoni, aulizwe maswali matano kabla ya kutia sahihi: Fungu letu ni kiasi gani katika mia? Mapatano ni ya miaka mingapi? Akaunti itakuwa kwa jina la nani? Nani atalishika neno la siri? Na hesabu italetwa lini? Asiyeweza kujibu haya, hata kama ni ndugu katika Kristo, tumwambie angoje.

Wazee wa usharika. Hapa tuseme wazi. Tobia hakuvunja mlango. Aliingizwa na kuhani. Yawezekana kwamba ghala ikajaa vyombo visivyostahili ndani ya nyumba yetu wenyewe, mapato ya nyimbo yakiingia na hesabu isisomwe, na mtunzi asipate hata neno la asante. Basi ziwekwe hesabu za kwaya mikononi mwa watu wawili au watatu walio waaminifu, zisomwe mbele ya waimbaji wote kila miezi mitatu, na yaamuliwe mapema mafungu matatu: la mtunzi, la kwaya na la usharika. Ni vigumu kumlaumu mwenye kibanda cha stendi hali sisi wenyewe hatuna daftari.

Wasikilizaji. Sisi sote tu wasikilizaji. Tukiupenda wimbo, tuutafute mahali alipouweka mwenyewe, na tukitaka kumpelekea rafiki, tumpelekee anwani ya mahali hapo, tusimpelekee nakala. Tukinunua kanda au flashi, tuinunue kwa kwaya. Na mwimbaji akisema, Wimbo huu bado sijautoa, tusiunase kwa siri kanisani. Kwa kufanya hivyo tutairudisha ile desturi njema ya uwanja wa ngoma, ambapo aliyefurahi alimwendea mwimbaji mwenyewe mkono wake ukiwa na kitu.

Ndugu, kazi ya Nehemia haikuisha siku moja, nayo ilianza na chumba kimoja kilichosafishwa. Usharika mmoja ukianza na daftari moja, na mtunzi mmoja akapewa fungu lake mbele ya wenzake, waimbaji watajua ya kuwa ghala i wazi, nao watarudi kutoka mashambani.

Maswali ya kuulizana

1. Kwa nini Nehemia aliwakemea wakubwa, wala hakuwakemea waimbaji?
2. Katika mtaa wetu, fedha za wasikilizaji huenda kwa nani? Tobia ni nani, na ni nani aliyempa chumba?
3. Luther alitaka mambo gani matatu? Je, nyimbo za kwaya yetu zinayo yote matatu?
4. Soma Mathayo 10:8–10. Maneno hayo mawili yapatanaje katika kazi ya mwimbaji?
5. Watajeni watunzi wa nyimbo tano zinazoimbwa zaidi katika usharika wetu. Kama kuna mtunzi msiyemjua, nani ataweza kutafuta jina lake kabla ya somo lijalo?